Baba anadhani nataka kuwa mtunza stoo

Najua nimepotea, wiki mbili nzima sijaandika kitu. Majaribio yalitubana, halafu kompyuta yangu ikagoma kuwaka, nikaipeleka kwa fundi Mwenge. Na fundi wa Mwenge mnamjua, "njoo kesho" yake ina siku nne. Sasa nimerudi, na nimerudi na jambo.

Jumapili jioni nilimpigia mzee nyumbani Korogwe. Shikamoo, marahaba, mama yuko kibandani, mvua zimenyesha vizuri, yote yakaenda salama. Kisha akauliza lile swali ambalo kila mtu wa mwaka wa mwisho analikimbia.

"Sasa mwanangu, ukimaliza hapo unakwenda kufanya kazi gani?"

Nikajikaza. "Baba, nataka kuwa meneja wa bidhaa."

Kimya. Nikawa nasikia redio yake kwa mbali. "Meneja wa bidhaa," akarudia polepole, kama anamsomea mtoto ubaoni. "Yaani mtunza stoo?"

"Hapana baba."

"Sasa hizo bidhaa zitakaa wapi kama si stoo?"

"Bidhaa zenyewe ni programu, baba. Hizi za kwenye simu."

"Si umesoma kompyuta miaka mitatu? Wenzako watatengeneza programu, wewe utakaa kuzihesabu?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Simlaumu. Mzee ni mwalimu mstaafu, kwake neno bidhaa ni sabuni na sukari. Na ukitumia kile kifupi cha wenzetu, PM, ndiyo unaharibu kabisa, maana kwa mzee PM ni Waziri Mkuu, atadhani nimeingia kwenye siasa nikiwa chuoni.

Nikakata simu nikiwa na aibu, kwa sababu niligundua hata mimi sikuweza kumweleza vizuri. Nimeamua kujaribu hapa kwenu, kwani hii habari ya umeneja wa bidhaa imeshakuwa homa ya hosteli. Kila anayechoka na kodi anasema atakuwa meneja wa bidhaa. Kila aliyepata D kwenye algorithimu naye anasema hivyohivyo. Mshkaji ninayembeba chumbani kwangu (mwenye hosteli asisome hapa) wiki iliyopita alitaka kuchukua hela ya boom alipie cheti cha umeneja wa bidhaa cha kusomea kwenye intaneti. Boom yote, jamani. Nikamuuliza utakula nini mpaka awamu ijayo, akanijibu eti ni uwekezaji.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho aende zake. Naamini kazi hii haianzi na cheti, na wala haianzi na aidia kali. Inaanzia dirishani, pale watu wanapokuja kulalamika. Asiyekuwa tayari kukaa dirishani bora aendelee na kodi, ni kazi nzuri pia.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni nini. Kila programu unayoitumia ina watu wanaoiandika, wanaochora ionekane vipi, wanaoitangaza, wanaopokea simu za wateja, na mwanasheria anayeuliza kama inaruhusiwa. Katikati yao anatakiwa mtu mmoja anayejibu maswali mawili: tunatatua tatizo la nani, na tuanze na lipi. Hilo la pili ndilo gumu, maana kusema tuanze na hili ni kuwaambia watu wengine kumi kwamba jambo lao litasubiri. Piga *150*00# uangalie. Kutuma pesa kuko namba 1. Kuna mtu aliamua hivyo, na ninahakika kuna mkubwa fulani aliyetaka jambo lake ndilo likae juu.

Kazi yenyewe si ya juzi kama tunavyodhani. Mwaka 1931 pale Marekani, kijana aliyeitwa Neil McElroy alikuwa anashughulikia matangazo ya sabuni ya Camay katika kampuni ya Procter & Gamble. Camay ilikuwa inafunikwa na sabuni nyingine ya kampuni hiyohiyo, Ivory. McElroy akaandika waraka wa kurasa tatu kuomba waajiriwe watu wa kushughulika na chapa moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wachunguze inauzika wapi, wapi imekwama, na waende wenyewe kwa wauzaji na wanunuzi kujua kwa nini. Yeye baadaye akawa rais wa kampuni, na mwaka 1957 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Kwa hiyo mzee wangu hakukosea sana, kumbe mizizi ya kazi hii ni sabuni kweli! Kampuni za kompyuta zilikuja kuichukua baadaye, na mwaka 2002 Google, chini ya Marissa Mayer, wakaanzisha mpango wa kuchukua vijana wanaotoka chuo na kuwalea ndani ya kazi. Ndiyo maana wengi wetu tunadhani ni lazima uwe California.

Sasa niwape aibu yangu. Wengi wenu mnaijua lakini hamjui mwisho wake.

Mwaka wa pili, mimi na wenzangu wawili tulitengeneza programu ya kuagiza chakula kwa mama lishe wa nyuma ya hosteli. Wazo lilikuwa tamu: unabonyeza, unachagua wali maharage au ugali dagaa, ukifika unakuta chakula kimeshapakuliwa, hamna foleni. Tuliandika kodi miezi mitatu, usiku kucha, tunakula mihogo ya kukaanga. Siku ya kuiwasilisha darasani tulipigiwa makofi, mhadhiri akasema hawa vijana watafika mbali. Tukawa na rangi ya chungwa na alama ya sahani inayotoa mvuke. Watu 61 wakaipakua.

Wiki ya pili tulipata oda mbili. Moja ilikuwa yangu.

Tukalaumu wanafunzi kwamba hawapendi teknolojia. Tukalaumu bando. Mwenzetu mmoja akasema tuongeze ukurasa wa kutoa nyota. Mimi nilikuwa nimechoka hata kulaumu, nikawa nakwenda tu kukaa kwenye benchi la yule mama mchana, kwa njaa zaidi kuliko kwa utafiti. Nikakaa siku tatu. Niliyoyaona yangeniokolea ile miezi mitatu.

Foleni ilikuwepo saa saba kamili, na kufikia saa saba na nusu imekwisha. Hakuna aliyeichukia, ndipo watu wanapopigia soga. Simu janja ya mama alikuwa nayo mwanawe wa kidato cha pili, yeye mwenyewe ana kitochi kinachokaa kwenye mfuko wa aproni na mikono yake ina unga. Nani angesoma oda zetu? Lakini kubwa kuliko yote, karibu nusu ya waliokuja hawakulipa. Walisema "mama niandikie", naye akavuta daftari la kaunta lililolowa mafuta akaandika jina na kiasi. Mwisho wa mwezi, boom likichelewa, daftari lile ndilo lililolisha hosteli nzima. Na lilikuwa linamtesa. Majina mawili yanafanana, mtu anabisha, ukurasa umechanika, mwingine kamaliza chuo na deni lake.

Tatizo lilikuwa pale mezani, limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Sisi tulilipita kila siku tukienda kuandika programu ya kuondoa foleni ambayo haikumsumbua mtu. Tena mmoja wetu watatu alikuwa na deni mle mle kwenye daftari! (Sikuwa mimi. Haya, nilikuwa mimi.)

Nilipokwenda kumwambia mama tumefunga ile programu, akasema, "Ile ya kwenye simu? Nilidhani ni mchezo wenu wa darasani, baba." Hakuwa na ubaya. Hatukuwahi kumuuliza swali hata moja kabla ya kuanza, tulimpelekea tu habari njema.

Mnaosema kosa kama hilo ni la wanafunzi tu, chukueni M-Pesa. Tunaitaja kila siku kama fahari ya Afrika Mashariki, ila wengi hatujui kwamba haikuanza kama tunavyoitumia. Majaribio yalianza Kenya mwaka 2005, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, na sehemu ya fedha ikatoka kwa serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa watu wa vikundi vya mikopo walipe marejesho kwa simu. Basi. Waliokuwa wanaisimamia, Nick Hughes na Susie Lonie, waliandika wenyewe mwaka 2007 yaliyotokea. Upande wa mikopo ulikuwa mgumu, mahesabu ya simu hayakuoana kirahisi na mahesabu ya taasisi. Ila wale wateja mia chache wa majaribio walikuwa wanafanya vituko. Mmoja anamtumia mwenzake pesa. Mwingine anaweka hela kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa akifika, ili asitembee nazo. Mwingine ananunua vocha anaituma kwa ndugu kijijini. Hakuna aliyewafundisha.

Hapo ndipo kazi ya bidhaa ilipofanyika. Wangeweza kusema wateja wanatumia vibaya, tuwafundishe upya. Badala yake waliweka kando lile la mikopo lililoombewa fedha tangu mwanzo, na Machi 2007 wakaizindua Kenya kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha wateja walishapita milioni moja. Mtu anayeweza kutupa kazi yake ya mwaka mzima kwa sababu watu wa Thika wanafanya kitu kingine, huyo ndiye ninayetaka kufanana naye. Mimi nilishindwa kutupa ukurasa wa nyota.

Na ngojeni, hadithi haijaisha. Aprili 2008 huduma ikaletwa Tanzania na Vodacom. Jina lilelile, na mafanikio ya jirani tayari yanajulikana. Ikaanza kwa kujikokota. Kenya, Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa mno ya soko, hapa kampuni za simu zilikuwa zinagawana wateja. Nchi yetu ni pana, watu wametawanyika, na mawakala walikuwa wachache mno, sasa utamtumia bibi pesa Tunduru akazitolee wapi? Ilibidi watu wakae chini wafikirie upya habari ya mawakala na ya gharama. Baadaye ikaja kero yetu nyingine, ya mtu mmoja kuwa na laini tatu kwa sababu mitandao haitumiani pesa, na kuanzia mwaka 2014 kampuni zikaanza kuunganishwa, Vodacom wakaingia 2016. Hakuna cheti cha kigeni kitakachokufundisha kero ya laini tatu. Hiyo unaijua kwa kuwa umeishi nayo.

Mimi somo la mawakala nimelipata kwa mama. Ana kibanda chake karibu na stendi, na likizo huwa nakaa naye. Kwenye vitabu mteja ni mtu mmoja mwenye simu yake na namba yake ya siri. Kibandani anakuja bibi na simu ya mjukuu, anampa mama, anasema, "Mwanangu nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni mwaka aliozaliwa huyu." Anaitaja kwa sauti, foleni nzima inasikia! Mama kila siku anamwambia, "Bibi, usiitaje, bonyeza mwenyewe," na kila siku bibi anajibu kwamba haoni zile herufi. Kuna asubuhi mama ana pesa taslimu hana floti, na jioni ana floti hana taslimu, mteja anaondoka na huduma inaonekana mbovu wakati mitambo ni mizima kabisa. Siku moja nilimuuliza mama angebadilisha nini akipewa nafasi. Hakusema rangi, hakusema programu mpya. Alisema, "Wangeniambia mapema ni siku gani mishahara ya walimu inaingia, nijipange." Nimesoma mitaala mingi ya umeneja wa bidhaa, sijaona jibu lililonyooka kama lile.

Nirudi kwenye aidia, maana najua kuna mtu anasema mimi nina aidia kali nikiitoa wataniibia. Nkosana Makate mnamjua? Mwaka 2000 alikuwa mhasibu mwanafunzi pale Vodacom Afrika Kusini. Mchumba wake alikuwa mbali, mara nyingi hana salio la kumpigia. Kwetu tungesema alikuwa anabipu. Makate akapeleka wazo la kumwezesha asiye na salio kumwomba mwenzake ampigie, na mwaka 2001 huduma ikatoka. Ni yale mambo ya "tafadhali nipigie" tunayotumiana hapa kila mwisho wa mwezi. Aliahidiwa kwa mdomo kwamba atalipwa, hakulipwa, akaenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasema makubaliano yale yanaifunga kampuni. Mabishano ya kiasi yakaendelea miaka mingine. Wengi wanasoma hadithi hii kama onyo la kuficha mawazo. Mimi naisoma tofauti. Wazo lilitoka kwa mhasibu, aliyekuwa karibu na mtu asiye na salio kuliko wataalamu wote wa bidhaa mle ndani. Kuhusu malipo, ndiyo, andikianeni. Hata humu hosteli, mnapoanzisha kitu watatu, andikeni karatasi moja nani ana nini, mtie saini. Sisi hatukuandika, na bahati yetu hatukupata hata shilingi ya kugombania.

Sasa habari ya field, ambayo nilisita kuiandika. Likizo iliyopita nilifanya kwenye kampuni moja ndogo hapa Dar, jina nalihifadhi, inayosimamia malipo ya ada za shule kwa simu. Niliomba kwenye programu, nikapangiwa huduma kwa wateja kwa wiki nane. Nilinuna. Wenzangu walikuwa wanatuma picha wameshika kahawa mbele ya skrini mbili, mimi nina vipokea sauti masikioni na mzazi ananigombeza kutoka Kahama.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya kati ya simu na simu, nikaanza kuandika kila simu kwenye daftari: nani, anataka nini, amekwama wapi. Kufikia wiki ya sita nilikuwa na simu 212. Kati ya hizo, 97 zilikuwa jambo moja: mzazi amelipa kwa namba ya kumbukumbu ya mwaka jana. Pesa imeondoka, shule haioni, mtoto amerudishwa nyumbani. Tisini na saba! Na wiki hiyohiyo ghorofani walikuwa wanajadili programu mpya ya simu janja, yenye picha za watoto wanaocheka.

Nikaandika ukurasa mmoja. Tatizo, idadi, na pendekezo dogo: kila Januari kabla shule hazijafunguliwa mzazi atumiwe ujumbe wa kawaida wenye namba mpya, na akiweka namba ya zamani mfumo umwambie palepale badala ya kumeza pesa. Nilimpa mkuu wa kitengo. Akausoma wote, akaniambia vizuri sana kijana, halafu akauweka chini ya kikombe cha chai. Programu yenye picha ikatoka kwanza. Iliniuma, nisiwadanganye. Nilirudi hosteli siku ile nikasema hii kazi ni ya wakubwa kujifurahisha.

Januari yule dada aliyekuwa anakaa meza ya pembeni yangu akanitumia ujumbe kwamba wamewatumia wazazi namba mpya, na simu zimepungua mpaka wanapata muda wa kula mchana. Jina langu halikutajwa popote, na namba ya zamani bado inameza pesa. Nusu ya ukurasa wangu ilifanyiwa kazi, nusu bado iko chini ya kikombe.

Ndiyo maana siafiki ule msemo kwamba meneja wa bidhaa ni mkurugenzi mdogo. Ulipata nguvu kwenye waraka maarufu wa Ben Horowitz alioandika akiwa Netscape miaka ya 1990, na vijana tunaupenda kwa kuwa unanukia ofisi yenye kiyoyozi. Mkurugenzi anaweza kuajiri na kufukuza. Wewe humfukuzi mtu. Mwandishi wa kodi hakuripoti kwako, wa masoko hakuripoti kwako. Una daftari lako na mdomo wako, kazi yako ni kushawishi. Ikifanikiwa sifa ni za timu, ikianguka wanauliza nani alisema tujenge hiki. Anayetaka ukubwa aende kwingine.

Wanaoniuliza "sasa tuanzie wapi", jibu langu halina mvuto. Matangazo mengi ya nafasi hizi niliyoyaona yanataka uzoefu wa miaka mitatu au mitano, kwa hiyo mlango wa mbele kwetu umefungwa. Milango ya pembeni ipo: huduma kwa wateja, kujaribu programu kabla hazijatoka, uchambuzi wa takwimu, kusimamia mawakala. Kodi jifunze ya kutosha ili usidanganywe kwamba kitu cha siku mbili ni cha miezi miwili. Siku hizi akili mnemba inaandika kodi kuliko wengi wetu, na ile programu yetu ya mama lishe leo ingechukua siku chache badala ya miezi mitatu. Tungeshindwa haraka zaidi, basi. Mle kwenye daftari la mama isingetuingiza.

Na cheti? Mshkaji wangu nilimshauri hiyo hela ale, halafu kila mchana akae benchi moja kwa wiki mbili aandike anachokiona. Aliona namkejeli. Mpaka leo hatujazungumza vizuri na tunalala kitanda kimoja, ni taabu.

Mimi mwenyewe niko njia panda. Ile kampuni ya ada imenipigia, wananipa nafasi nikimaliza, huduma kwa wateja, mshahara ni mdogo mno mpaka naona aibu kuuandika hapa. Upande wa pili kuna benki inachukua wahitimu, mzee ameshanitumia tangazo mara mbili, mara ya pili bila hata salamu. Benki ina bima, ina suti. Wadogo zangu wawili wako sekondari na pensheni ya mwalimu mnaijua. Natakiwa kuijibu kampuni Ijumaa. Kukaa hapa kuwahubiria mambo ya dirishani ni rahisi, kodi ya chumba Sinza hailipwi kwa daftari.

Jana usiku mzee akapiga tena, yeye mwenyewe, na yeye si mtu wa kupiga. Nikajua ni habari ya benki. Nikamweleza yote, ya simu 212, ya kikombe cha chai, mpaka ya bibi wa kibandani, ambaye kumbe anamfahamu, ni shangazi wa jirani. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Hao wazazi, mliwauliza ile namba ya zamani wameiweka wapi?"

"Kuiweka wapi vipi, baba?"

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja. Mzazi ukimpa namba ya shule anaiandika kwa chaki nyuma ya mlango, au kwenye jalada la daftari la mtoto. Haifuti. Wewe unamtumia ujumbe Januari, ujumbe unapotea, mlango upo."

Sikuwa na jibu. Simu 212 na sikuuliza hata mmoja anaisoma namba kutoka wapi.

Asubuhi nimempigia yule dada wa meza ya pembeni nimwombe awaulize watano tu. Hajapokea, atakuwa kwenye zamu. Akinijibu nitawaambia. Nakimbia maabara, Jumatatu tuna jaribio na sijadesa chochote.